Deni kwa Wanaobisha Milango ya Eastlands

Mitaa ya mashariki mwa jiji la Nairobi, ijulikanayo kwa jumla kama Eastlands na inayotandaa kutoka Kariokor na Pumwani hadi Dandora, Kayole na Embakasi, huhudumiwa kila siku na watu wengi ambao majina yao hayamo katika orodha ya watumishi wa kudumu wa serikali, ilhali kazi waifanyayo ni ya serikali kwa kila hali. Kundi linaloonekana zaidi kati yao ni la wahamasishaji wa afya ya jamii, yaani wakazi wanaochaguliwa katika baraza la majirani zao ili watembelee nyumba, wapime afya za watu, wawaelekeze wagonjwa kwenye zahanati na kuandika wanachokiona. Wamo pia wazee wa mtaa wanaomsaidia chifu, na wasimamizi wa Nyumba Kumi, utaratibu wa majirani kujuana na kulindana ambao Kenya iliuiga kutoka Tanzania mwaka 2013. Kila ifikapo tarehe 5 Desemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kwa ajili ya watu wanaojitolea kote duniani, hotuba za kuwashukuru watu wa namna hii husomwa, vyeti hugawiwa na picha hupigwa. Shukrani hiyo, hata ikitolewa kwa moyo mweupe, hukosea katika jambo moja la msingi: haijatambua ni kitu gani hasa kilichotolewa, na kwa hiyo haiwezi kujua ni kitu gani kinachopaswa kurudishwa.

Anachokitoa mtu anayejitolea katika mpango wa serikali huelezwa kwa kawaida kuwa ni muda wake na nguvu zake. Maelezo hayo ni ya kweli lakini yana upungufu, kwa sababu muda na nguvu vingeweza kununuliwa kwa kuajiri vibarua kutoka popote jijini, na watu wa kutosha wangepatikana kabla ya jua kutua. Kinachoifanya serikali imtafute mkazi wa ploti ileile, anayepanga foleni ya maji penye bomba lilelile na ambaye watoto wake husoma pamoja na watoto wa wale anaowatembelea, ni kwamba mkazi huyo ana jina jema mbele ya majirani, na kwamba mlango usiofunguliwa kwa afisa mgeni aliyevaa kitambulisho shingoni hufunguliwa kwake. Jina hilo hakulipata kwa semina wala kwa barua ya uteuzi. Alilipata kwa miaka ya kuhudhuria mazishi, kukopesha chumvi, kumshika mkono mzazi aliyepatwa na uchungu usiku wa manane na kunyamaza kuhusu siri za watu. Serikali inapomtuma huwa inalikopa jina hilo, na mkopo huo hauna hati, haumo katika bajeti, wala hautajwi katika hotuba za Desemba.

Fikra ya kumtegemea jirani katika huduma ya afya ina umri wa kutosha kuweza kuhukumiwa kwa matokeo yake. Azimio la Alma-Ata, lililopitishwa Septemba 1978 katika mkutano wa kimataifa uliofanyika kwenye mji wa jina hilo, wakati huo ukiwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, liliitangaza huduma ya afya ya msingi, yaani ile inayoanzia pale watu wanapoishi na kufanya kazi, kuwa njia ya kuwafikishia watu wote uzima. Kenya ilikuwa na majaribio yake yenyewe ya aina hiyo huko Kakamega na baadaye Saradidi katika eneo la Siaya, na mafunzo yaliyotokana nayo yalichangia Mkakati wa Afya ya Jamii uliotangazwa na Wizara ya Afya mwaka 2006. Mkakati huo uliigawa nchi katika vitengo vya watu wapatao 5,000, na kila kitengo kikapangiwa wahudumu 50, ili kila mhudumu aangalie kaya 20, kaya ikimaanisha watu wanaokula chungu kimoja. Miaka michache baadaye hesabu ilipangwa upya, wahudumu wa kitengo wakapunguzwa hadi 10, na kila mmoja akabaki na kaya 100 hivi. Mabadiliko hayo yalifanyika kwa utulivu wa nyaraka za wizara, lakini maana yake mitaani ilikuwa kwamba mzigo wa mtu mmoja aliyekuwa akijitolea uliongezwa mara tano, na swali la kama mabega yake yangeustahimili likabaki mitaani.

Ugatuzi, yaani mpango wa Katiba ya 2010 wa kugawa mamlaka na fedha kati ya serikali ya kitaifa na serikali 47 za kaunti, ulizikabidhi kaunti huduma za afya za mashinani kuanzia mwaka 2013, na hivyo wahudumu hao wakawa watu wa kaunti huku sera zao zikiendelea kuandikwa wizarani. Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Rais William Ruto alizindua mpango mpya wa wahamasishaji wapatao 100,000 nchini kote, akawakabidhi mikoba ya vifaa, na mwezi uliofuata akatia saini Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023, ambayo iliwapa wahamasishaji nafasi katika maandishi ya sheria. Hatua hiyo inastahili sifa bila kigugumizi, kwani kwa miaka mingi kabla yake mtu aliyeibeba kazi hii hakuwa na vifaa vya maana isipokuwa kalamu na daftari.

Hesabu ya kaya 100 iliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria kijiji, na Eastlands inauonyesha upungufu wake kuliko mahali pengine popote. Kule Kaloleni, mtaa wa nyumba za chini uliojengwa na halmashauri ya manispaa katika miaka ya 1940, mhamasishaji anaweza kuzikuta familia zilizorithiana nyumba kizazi baada ya kizazi, akaijua historia ya shinikizo la damu la babu na la mjukuu bila kufungua daftari. Dandora ilianzishwa mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia kama mradi wa viwanja 6,000, ambapo mwenye kiwanja alipewa ardhi iliyopimwa pamoja na choo na bafu, kisha akaachiwa ajijengee vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Viwanja vingi vya aina hiyo leo vimebeba ghorofa, na vyumba hupangishwa kimoja kimoja. Huko Pipeline, katika Embakasi, majengo ya ghorofa saba, nane na zaidi yamebanana kiasi kwamba kaya 100 zinaweza kukaa ndani ya jengo moja au mawili yasiyo na lifti, na mtu wa kuzitembelea hupanda ngazi, hugonga milango iliyofungwa kwa kufuli, na hurudi jioni au Jumapili kwa sababu wapangaji wengi hutoka alfajiri kwenda Industrial Area na mjini na hurejea usiku. Mwisho wa mwezi, kodi ikipanda au kibarua kikiota nyasi, wapangaji huhama, na daftari lililojazwa kwa uangalifu wiki tatu zilizopita huwa na majina ya watu walioko Kayole au Githurai. Mjamzito aliyekuwa akifuatiliwa hupotea hivyo, na mtu aliyekuwa katikati ya matibabu ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida huchukua miezi sita na huharibika yakikatizwa, hupotea vilevile, isipokuwa mhamasishaji awe na namba ya simu ya shemeji yake na moyo wa kuitumia kwa salio lake mwenyewe.

Ni vyema kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu sifa za jumla huificha. Mhamasishaji anapoingia chumbani, kwanza hupiga hodi na kusubiri, kisha husalimia na kuuliza habari za nyumbani kabla ya kutaja afya, kwa kuwa anayeanza na fomu huonekana kama mtoza kodi. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 hupimwa mzunguko wa mkono kwa utepe mwembamba wenye rangi tatu, unaozungushwa katikati ya bega na kiwiko: kijani huonyesha kwamba mtoto analishwa vya kutosha, manjano huanzia chini ya sentimita 12.5 na ni onyo, na nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali unaohitaji zahanati siku hiyohiyo. Utepe huo hauna uzito wowote mkononi, lakini anayeusoma anatakiwa kumwambia mama mzazi, mbele ya majirani wanaosikia kupitia ukuta wa mabati, kwamba mwanawe amedhoofika kwa kukosa chakula, na aseme hivyo bila kumwaibisha, kwa maana mama aliyeaibishwa hafungui mlango tena. Baada ya hapo huandikwa fomu ya rufaa, yaani karatasi ya kumtambulisha mgonjwa kwa zahanati, na taarifa huingizwa katika daftari la kaya au katika simu yenye mfumo wa kielektroniki wa afya ya jamii. Mkoba una mashine ya kupimia shinikizo la damu na kifaa cha kupimia sukari, na vifaa hivi vimewafichulia watu wengi maradhi waliyokuwa wakitembea nayo bila kujua. Ila vijiti vya kupimia sukari vikiisha na visiletwe vingine, anayeulizwa mlangoni ni jirani, wala si bohari ya dawa.

Hapo ndipo suala la jina jema linapojitokeza waziwazi. Machi 2018 virusi vya polio viligunduliwa katika sampuli ya maji taka iliyochukuliwa Eastleigh, eneobunge la Kamukunji, na kampeni za chanjo za nyumba kwa nyumba zilizofuata zilitegemea watu wa mitaani waliowajua wazazi wenye mashaka na wakakaa nao mpaka wakakubali. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilipotangazwa tarehe 13 Machi 2020, na watu wakazuiwa kuingia na kutoka Eastleigh mwezi wa Mei mwaka huo, waliotakiwa kuwaeleza majirani zao kuhusu kujitenga, barakoa na mazishi ya haraka walikuwa watu walewale, nao hawakuwa na kinga ya kutosha wala jibu la kila swali. Tarehe 1 Oktoba 2024 nchi ilipohamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, shirika jipya la bima lililochukua nafasi ya hazina ya zamani ya bima ya hospitali, wahamasishaji walihimizwa kuwasajili wakazi mlango kwa mlango. Mwenye kibanda cha mboga aliyejisajili kwa sababu jirani yake alimsihi, kisha akafika hospitalini akaambiwa huduma anayoitaka hailipiwi kwa sababu hajalipa mchango wa mwaka mzima, hamjui waziri wala mkurugenzi. Anamjua yule aliyekaa kwenye kigoda chake akamwambia kwamba mambo yatakuwa sawa, na kesho yake watakutana penye bomba la maji.

Ahadi ya serikali ikivunjika, basi, hasara humwangukia aliyeibeba. Afisa aliyeiandika sera huhamishwa au hupandishwa cheo, na mwanasiasa aliyeizindua huzindua nyingine, ilhali mhamasishaji hubaki katika ploti ileile akiwa na neno lililopungua thamani. Na kampeni ijayo, ya surua au ya kipindupindu, itamkuta akigonga milango inayofunguliwa nusu. Serikali ya kaunti na ile ya kitaifa zingekuwa zimewaheshimu watu hawa kuliko kwa cheti chochote kama zingejizuia kuwatuma na ujumbe ambao utekelezaji wake haujatayarishwa.

Kuhusu fedha, inafaa kusema wazi kwamba posho si shukrani. Mpango wa mwaka 2023 uliweka posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kila mhamasishaji, nusu yake ikitoka kwa serikali ya kitaifa na nusu kwa kaunti. Mtu mwenye kaya 100 akizitembelea zote mara moja kwa mwezi, kila ziara inakuwa na thamani ya shilingi 50, ambazo hazinunui pakiti moja ya unga wa mahindi wa kilo mbili; akirudi mara ya pili kwa sababu mlango ulikuwa na kufuli, thamani hiyo inagawanyika. Kiasi hicho kidogo nacho kimekuwa kikichelewa, na malalamiko ya wahamasishaji kuhusu miezi isiyolipwa, hasa ile nusu ya kaunti, yamesikika katika sehemu mbalimbali za nchi. Fedha iliyokubaliwa na ikafanyiwa kazi ni deni, na anayelilipa deni lake kwa wakati hana haki ya kupigiwa makofi, kama vile anayelichelewesha hana haki ya kulificha nyuma ya maneno matamu kuhusu moyo wa kujitolea. Shukrani huanza baada ya deni kulipwa, na pale ambapo deni halijalipwa, kila hotuba ya kusifu humkumbusha msifiwa kile anachodai.

Wapo wanaohoji, na hoja yao inastahili kujibiwa kwa heshima, kwamba malipo huua moyo wa kujitolea, kwamba jirani akianza kulipwa ataanza kuhesabu hatua zake, na kwamba utamaduni wa harambee uliojenga shule na zahanati baada ya uhuru haukuwa na karatasi ya mishahara. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama wanaojitolea Eastlands wangekuwa watu wenye akiba, wastaafu wenye pensheni wanaotafuta namna ya kuutumia mchana wao. Wengi wao ni wanawake wanaofua nguo za watu, wanaouza mandazi au mboga jioni, wanaolipa kodi ya chumba kimoja, na saa mbili wanazozitumia kwenye ngazi za Pipeline ni saa mbili zilizotolewa katika chakula cha watoto wao. Kumwambia mtu kama huyo kwamba fedha itamchafulia nia ni kumtaka maskini awafadhili wenye mishahara. Kujitolea kwa hiari kuna thamani kubwa pale mtu anapokuwa na kitu cha kutoa na uhuru wa kukataa. Mpango wa kudumu wa taifa, wenye ripoti za kila mwezi na wasimamizi wanaozidai, umekwisha kuvuka mpaka wa hiari.

Mataifa mengine yamelazimika kulikabili jambo hili. Ethiopia, kuanzia miaka ya 2003 na 2004, iliwafunza wasichana waliomaliza shule kwa mwaka mmoja, ikawapeleka wawili wawili katika vijiji na kuwalipa mshahara wa serikali, na idadi yao ikapita 30,000. India ilianzisha mwaka 2005 kundi la wanawake wa afya wa vijijini wanaojulikana kama ASHA, ambao sasa wanafikia takriban milioni moja. Shirika la Afya Duniani liliwatunukia heshima mwaka 2022, huku wengi wao wakiwa wamekwisha kuingia barabarani mara kadhaa wakidai malipo bora, kwa kuwa walikuwa wakilipwa kwa kila kazi moja moja pasipo mshahara kamili. Shirika hilohilo lilitoa mwongozo mwaka 2018 likipendekeza wahudumu wa aina hii walipwe kulingana na uzito wa kazi, wapewe mkataba unaoeleza wajibu na haki zao, na wawekewe ngazi ya kupandia. Hakuna lililo la kigeni hapo kwa msomaji wa Nairobi. Mcheza kwao hutunzwa, na wahenga waliosema hivyo hawakuona kwamba tuzo huuharibu uchezaji.

Zaidi ya posho, liko suala la madhara, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 humlinda mfanyakazi aliye chini ya mkataba wa ajira, wakiwemo wanagenzi, na anayeitwa mwenye kujitolea hubaki nje ya ukuta huo au mlangoni pake, akitegemea huruma. Mtu anayekaa katika chumba kisicho na dirisha na mgonjwa anayekohoa damu, anayeteleza kwenye ngazi zenye maji, anayeumwa na mbwa wa mwenye ploti au anayerudi kwake saa tatu usiku kupitia vichochoro visivyo na taa, anafanya kazi yenye hatari zinazojulikana. Kaunti inaweza kuwanunulia bima ya ajali na kuwalipia mchango wa bima ya afya kwa fedha ambazo si nyingi zikilinganishwa na gharama ya hafla moja ya uzinduzi yenye mahema, vipaza sauti na fulana zilizochapishwa. Kumpima mtu mwingine shinikizo la damu kwa mwaka mzima huku mpimaji mwenyewe akiwa hana bima ni hali inayopaswa kuwaumiza wote wanaoipitisha bajeti.

Eastlands ina kumbukumbu ya zamani kuhusu tofauti kati ya kusifiwa na kulipwa. Kariokor limepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambacho kiliwabebesha Waafrika risasi, chakula na majeruhi katika misafara ya kuelekea Afrika Mashariki ya Kijerumani, na makumi ya maelfu kati yao wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Wapagazi hao hawakujitolea, kwani wengi walikamatwa na kulazimishwa, na kwa hiyo ulinganisho haupaswi kuvutwa kupita kiasi. Hata hivyo, kilichotokea baada ya vita kinaeleza tabia ya serikali kuliko kinavyovieleza vita: sanamu ya shaba ya kuwaenzi iliwekwa katikati ya jiji, kwenye barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, ilhali mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, maelezo yakiwa kwamba warithi walikuwa wagumu kupatikana. Sanamu bado ipo na watu huipita kila siku. Majina nayo Eastlands imeyatoa kwa ukarimu, kwani mitaa ya Mbotela na Ofafa imepewa majina ya madiwani Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa mwaka 1952 na 1953 nyakati za Hali ya Hatari. Lakini mtu anayehangaika leo na kaya 100 hahitaji mtaa uitwe kwa jina lake akisha kufa.

Wazee wa mtaa wako katika hali inayofanana, na pengine ngumu zaidi, kwa kuwa hawana mkoba, fomu wala sheria iliyowataja kwa kirefu. Kijana anayetaka kitambulisho, mjane anayehitaji barua ya chifu na familia zinazogombana kuhusu maiti ya marehemu huanzia kwa mzee, ambaye ndiye awezaye kuthibitisha nani anaishi wapi na tangu lini. Ahadi ya kuwalipa imetolewa mara nyingi na serikali ya kitaifa. Mzee asiyelipwa lakini mwenye muhuri wa kuaminiwa na chifu huwekwa katika kishawishi cha kudai kitu kidogo kwa kila barua, na wako wanaokataa kishawishi hicho miaka nenda miaka rudi bila mtu yeyote kuandika kwamba walikikataa.

Jambo ambalo linaweza kuanza kurekebishwa bila kusubiri bajeti ni kusikiliza. Mkakati wa afya ya jamii uliweka tangu mwanzo siku ya mazungumzo, yaani mkutano wa kila robo ya mwaka ambapo takwimu zilizokusanywa na wahamasishaji huwekwa mbele ya wakazi na wahudumu wa zahanati ili waamue la kufanya, na ukaagiza pawe na ubao wa kuandikia takwimu hizo ili kila mtu azisome. Mpango huo ni mzuri kiasi kwamba ni huzuni kuona mahali unapogeuzwa kuwa zoezi la kujaza fomu. Wahamasishaji wa Mukuru, Korogocho au Kayole wanajua ni kichochoro gani bomba la maji la plastiki limepita ndani ya mtaro wa maji machafu, ni ploti gani ina choo kimoja kwa vyumba vyote, na ni upande gani kuhara huanza kila mvua zinaponyesha. Wanaandika, taarifa zinapanda hadi kaunti na wizara, na kinachoteremka ni agizo la kuwahimiza wakazi wachemshe maji na kunawa mikono. Wakazi huchemsha, wanapokuwa na mafuta ya taa au gesi, na mtaro huendelea kutiririka, kwa sababu idara ya afya haisimamii mabomba, na kampuni ya maji haihudhurii siku ya mazungumzo. Kipindupindu kikirudi, mhamasishaji hutumwa tena kwenye milango ileile kusema maneno yaleyale.

Shukrani yenye uzito kwa watu hawa ingekuwa ni mwakilishi wadi, mhandisi wa maji na afisa wa taka kukaa mbele ya ubao huo mara nne kwa mwaka, kusomewa na mhamasishaji mwenyewe kile alichokiona, na kurudi mkutano unaofuata wakiwa na jibu. Kila mtaro unaozibwa kwa sababu mhamasishaji aliutaja hulirudisha jina lake likiwa limeongezeka thamani, na majirani wakiona kwamba neno lake limeleta fundi, watamfungulia mlango siku atakapoleta chanjo.

Kalenda ya kuyatimiza haya inajulikana. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kabla ya tarehe 1 Septemba na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, kisha mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na katikati ya tarehe hizo wananchi wana haki ya kuitwa watoe maoni. Nairobi ina wadi 85, na nyingi kati yake ziko upande huu wa jiji. Wakazi wa Makadara, Kamukunji, Mathare na maeneobunge matano ya Embakasi waingie katika mikutano hiyo na kumwuliza kila mwakilishi wadi maswali matatu: posho ya wahamasishaji wa wadi yake imelipwa hadi mwezi gani, fungu la bima yao liko ukurasa gani wa makadirio, na siku ya mazungumzo ya mwisho ilifanyika lini, naye alikuwa wapi.